Kuzuia tornado? Jibu la mtu wa bahari, Lamu

Waalaikum salaam. Ndugu yetu anasema kijana wake amekwenda kusoma Oklahoma, na anashangaa Marekani yenye ndege na mabomu yote yale inashindwaje kukitawanya kimbunga kimoja cha nchi kavu, ile tornado inayoshuka kama mkia kutoka wingu. Mwengine akamjibu kwamba wazee wetu walikuwa na njia zao za kukikata.

Huku kwetu kinachokaribiana na tornado ni ile nguzo ya maji inayoning'inia kutoka wingu jeusi, hasa masika, kabla kusi haijashika sawasawa. Moja ilitukuta tukitoka Kizingitini, karibu na Manda Toto. Mzee mmoja akasimama omoni akaadhini. Kijana wa injini akawa anapiga debe la mafuta kwa kisu kama mwendawazimu. Nahodha hakusema neno, aliwaashiria watu watue tanga, akageuza chombo kikaipa nafasi. Nguzo ikakonda, ikapinda, ikakatika. Hadi leo mzee anasema ni adhana, kijana anasema ni debe. Dua siikatai, ina pahala pake. Lakini nguzo hizo nyingi haziishi hata dakika 20. Tungekaa kimya ingekatika vilevile.

Msituone sisi washamba. Kuanzia 1962 hadi 1983 serikali ya Marekani ilikuwa na mradi ulioitwa Stormfury. Ndege zilimwaga ayodaidi ya fedha ndani ya vimbunga vikubwa vya baharini, ili maji yaliyopoa chini ya nyuzi sifuri yagande na kimbunga kivurugike. Agosti 1969 wakakimwagia kimbunga Debbie, upepo ukapungua kama asilimia 30. Furaha tele! Baadaye ikagundulika kwamba hata vimbunga ambavyo havikuguswa hupungua na kupanda hivyo hivyo, vikibadilisha ukuta wa mawingu unaozunguka kitovu chao, na yale maji ya kugandishwa yalikuwa haba humo. Debe la mafuta, ila la bei ghali.

Na hicho ni kimbunga cha baharini, kinachoonekana siku kadhaa kabla. Tornado nyingi huisha ndani ya dakika 10; ndege itafika saa ngapi? Tena ule mkia si mwenyewe. Mwenyewe ni wingu la juu, lenye kimo cha zaidi ya kilomita 10, linalonyonya hewa ya joto na unyevu huku pepo za matabaka tofauti zikilizungusha. Ukilipua mkia, wingu lipo. Bomu la kulivuruga wingu lenyewe litawamaliza hao hao unaotaka kuwaokoa. Na mawingu mengi ya aina hiyo hupita bila kuzaa tornado, sasa utapiga lipi?

Ndiyo maana fedha zao wamezipeleka kwenye rada na ving'ora. Tahadhari hutangulia kwa dakika chache tu, kwa hiyo kijana asisimame barazani kupiga video. Ashuke chumba cha chini ya ardhi kama kipo; kama hakipo, chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha, ghorofa ya chini. Na akiwa njiani asijibanze chini ya daraja la barabara kuu. Tarehe 3 Mei 1999, hapo hapo Oklahoma, rada ilipima upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa, na kuna watu waliofia chini ya madaraja wakidhani wamejisitiri.