Batman na lile popo lake

SWALI: Shikamoo anko mhariri. Mdogo wangu ananisumbua, eti Batman, yule shujaa wa vitabu vya katuni, hana nguvu yoyote, haruki, ana hela tu, sasa popo wa nini? Na yule adui yake Two-Face na sarafu yake je?

JIBU: Marahaba. Hana nguvu kweli, na ndo utamu wenyewe. Bruce Wayne, ndo Batman mwenyewe akivua kinyago, aliona wazazi wake wakipigwa risasi pale mjini kwao Gotham akiwa mtoto, akakua na hilo jeraha, na kwenye stori ya 1939 kakaa zake usiku anawaza avae nini wahalifu wamuogope, mara popo huyo kaingia dirishani, basi ikawa hivyo. Mi naona yule Bruce tajiri wa mapati ndo kinyago hasa, Batman ndo yeye mwenyewe.

Two-Face sasa, huyo namkubali! Alikuwa mwendesha mashtaka, akamwagiwa asidi mahakamani, nusu ya uso ikaungua. Sarafu yake ina kichwa pande zote mbili ila mmoja umekwaruzwa, anairusha, ukija uliokwaruzwa umekwisha, yaani mtu wa sheria kaiachia bahati ndo ihukumu. Joker, adui mwingine wa Batman, hata sarafu hana, anacheka tu.