Mpira wa CO2 si mpira wa maji

Ndugu, umesema jengo unalosimamia Westlands limefungiwa mitungi miwili mikubwa ya CO2 (kaboni dioksidi, gesi ya kuzimia moto) yenye mpira mrefu, kando ya chumba cha swichi, na unauliza kama askari wa zamu anaweza kuutumia kama ule wa maji. Asiuguse mpaka afundishwe, na hata akifundishwa asiingie peke yake. Mimi ni fundi wa stima viwandani huku Industrial Area, na mpira huo nimeuona ukizima moto wa kweli mara moja tu. Ilinitosha.

Ilikuwa usiku, stima ikapotea, jenereta ikashika mzigo, na punde moshi ukaanza kufuka kwenye paneli. Mwenzangu alianza vizuri: akafungua vali ya mtungi, akavuta mpira, akasogea, ndipo akabonyeza. (Mpira huo haukai na presha. Ukisahau vali, utafika motoni mikono mitupu.) Ila hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu kelele. Gesi ilivuma kama lori linalotoa upepo wa breki, ukungu mweupe ukatanda, naye akashtuka nusura aangushe pembe, ule mdomo mpana wa kutolea gesi. Akaidaka kwa kushika chuma badala ya mpini. Gesi hiyo hutoka na baridi inayokaribia nyuzi 78 chini ya sifuri. Kiganja kilibabuka kama cha mtu aliyemwagikiwa na maji moto.

Moto ukazimika, tukashangilia kama tumefunga bao. Kumbe jenereta bado inanguruma, hakuna aliyekata umeme! CO2 huunyima moto hewa, lakini haipoozi kitu cha maana. Hewa ikirudi na shaba ingali moto, unawaka tena. Ukawaka kweli. Safari hii nilikimbilia swichi ya jenereta kwanza, kisha tukamalizia na gesi iliyobaki.

Kosa lililotutia hofu zaidi lilikuja moto ukiwa umeshazimika. Kijana wetu mmoja alishuka kwenye mtaro wa nyaya kuchungulia kama kuna cheche. Gesi hii ina uzito kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hutuama mashimoni, na huioni. Hakumaliza hata dakika, magoti yakamlegea. Bahati tulikuwa wawili pale juu, tukamnyakua kwa ukosi wa ovaroli tukamburuta hadi nje. Alitapika, na kichwa kilimgonga mpaka asubuhi.

Hewa ya kawaida ina CO2 kama asilimia 0.04. Ikifika 10, mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Ikipita 17, hamalizi dakika. Kuna wanaoshauri kuziba pua kwa kitambaa kibichi. Huo ni upuzi, samahani. Hata maski ya kuchuja haifai, kwa sababu haizuii CO2 wala haikuletei hewa safi. Wanaoingia humo ni zimamoto waliobeba mitungi ya kupumulia.

Basi askari wako akate stima kwanza, asimame mlango ukiwa mgongoni pake, na mwenzake awe mlangoni anamwona muda wote. Mkono kwenye mpini, alenge shina la moto, si ndimi, na afagie kuanzia ukingoni. Ukizimika arudi kinyumenyume akiutazama, afunge mlango, na asiingie mtu mpaka chumba kipigwe hewa ya kutosha, mitaro pia. Ukiwa umeshapanda darini, aache kila kitu, atoe watu, apige 999. Na mpira huo asiupeleke kwenye stoo ya makaratasi. Makaa ya ndani yatamcheka, huko ni maji.

Jambo jingine: mitungi hiyo kwa kawaida haina geji, hupimwa kwa uzito, na ikipungukiwa zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake hujazwa upya. Siku mkaguzi akija kubandika kibandiko chake, muulize mizani ameiacha wapi.