Kitunguu saumu dhidi ya kuvu wa mimea

Je, maji ya kitunguu saumu huzuia kuvu wa mimea? Ndiyo, ila hayaponyi jani lililokwisha kuoza. Nguvu yake ni alisini, kemikali ambayo haimo katika punje nzima bali hutokea punje inapopondwa na kimeng'enya chake, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, kuachiliwa. Ndiyo maana anayechemsha punje nzima kabla ya kuziponda huharibu kimeng'enya hicho na kupoteza dawa yenyewe. Alisini haidumu, kwa hiyo ponda, chuja kwa kitambaa na unyunyize jioni ya siku hiyohiyo, hasa upande wa chini wa majani, ukianza na majani machache kwa sababu maji mazito huyaunguza. Bakajani, ugonjwa unaotia majani mabaka na kuyaoza, ikishashika nyanya wakati wa mvua, tafadhali usiitegemee dawa hii peke yake.