Dawa ya mbwa yenye cheti: uinunue wapi hapa Tabora

Dada, umeuliza kama cheti alichokuandikia daktari wa mifugo uende nacho duka la pembejeo, au uagize kwa yule muuzaji wa WhatsApp mwenye bei nafuu. Anza na daktari mwenyewe. Mara nyingi dawa anayo, na ndiye aliyempima mbwa uzito, kwa hiyo dozi haikosewi. Akikosa, nenda duka la dawa za mifugo lenye kibali ukutani, ukaombe dawa iliyosajiliwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania), mnadani usiguse.

Kabla hujalipa, igeuze chupa: tarehe ya kuisha, namba ya toleo, lebo isiyobanduka. Tazama na ilikokuwa imewekwa. Niliwahi kuuziwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini iliyokaa dirishani ikipigwa na jua hili letu. Kufika nyumbani naiona imekuwa nyeusi kama chai ya rangi. Niliumia, maana mbwa alikuwa hoi. Ya WhatsApp iache, hujui imesafirije.

Halafu, nakuomba sana, ukiambiwa mpe tu ibuprofeni, ile dawa ya maumivu ya binadamu, kataa. Humtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Na kama una paka, panadol usimpe hata nusu kidonge, inaua.