Maswali ya wasomaji: Nani analipia unafuu wa simu?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu bei za simu za mkononi ilituletea barua nyingi, na nyingi kati ya hizo hazikuuliza habari za bei bali habari za watu wanaozitengeneza simu hizo. Tumechagua nne. Tumezifupisha kidogo, na kwa ombi la baadhi ya waandishi hatutaji majina.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi simu hapa Tanga. Kila siku ninafungua simu na kukuta skrubu ambazo hata kuziona zahitaji miwani. Wateja wangu huamini kuwa kazi yote hiyo hufanywa na mashine. Niliwahi kusikia kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko China walikuwa wakijiua kwa sababu ya kazi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini hawakuacha kazi tu wakarudi kwao?
*Fundi simu, Tanga*

JIBU: Ni kweli. Ilitokea mwaka 2010, zaidi katika jiji la Shenzhen, kusini mwa China, kwenye viwanda vya Foxconn. Hii ni kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa na Terry Gou mwaka 1974, na kazi yake ni kuunganisha simu na kompyuta kwa niaba ya kampuni ambazo majina yao ndiyo yanayoandikwa mgongoni mwa simu, Apple ikiwa mojawapo. Katika mwaka huo mmoja wafanyakazi 18 wanajulikana kuwa walijaribu kujiua, na 14 kati yao walifariki. Wote walikuwa vijana waliotoka vijijini. Kampuni iliyazungushia majengo nyavu za kuwadaka wanaojirusha, ikaleta washauri nasaha, na mwezi Juni ikapandisha mshahara wa msingi kutoka yuan (fedha za China) 900 hadi 1,200 kwa mwezi. Kwa maoni yetu hatua hiyo ya mwisho ilikiri zaidi chanzo cha tatizo kuliko zile mbili za kwanza.

Tunasema hivyo kwa sababu mtu anayelipwa yuan 900 katika jiji kama Shenzhen hawezi kujikimu na papo hapo kutuma fedha kwa wazazi, kwa hiyo saa za ziada, ambazo kwenye karatasi ni hiari yake, zinageuka kuwa ndizo mshahara wenyewe. Sheria ya kazi ya China ya mwaka 1994 inaweka ukomo wa saa 36 za ziada kwa mwezi. Mwaka 2012 shirika la Fair Labor Association lilikagua viwanda vitatu vya Foxconn vilivyokuwa vikiiundia Apple bidhaa zake, likakusanya maoni ya wafanyakazi zaidi ya 35,000, na likakuta kwamba vyote vitatu vilikuwa vimeuvuka ukomo huo na kwamba katika miezi ya kazi nyingi wiki ilizidi saa 60. Kuhusu mashine wanazozisema wateja wako, zipo, lakini skrubu unayoitoa wewe kwa dakika moja aliikaza binadamu aliyeshika bisibisi ya umeme, aliyerudia tendo hilo hilo zamu nzima, na ambaye idadi aliyopaswa kuifikia kwa siku ilipangwa na mtu mwingine.

Unauliza kwa nini hawakuacha kazi. Wengi waliacha, viwanda hivi vimezoea kuajiri watu wapya kila mara kwa sababu wa zamani hawadumu. Lakini kuacha kazi si jambo jepesi pale ambapo kitanda unacholalia ni cha mwajiri. Tangu mwaka 1958 China ina utaratibu wa usajili wa kaya unaomfunga mtu na mahali alikoandikishwa, na kijana wa kijijini anayefanya kazi jijini hana haki sawa na mwenyeji katika shule, tiba na makazi. Ndiyo maana wafanyakazi wengi walio wazazi huwaacha watoto kijijini kwa babu na bibi, wakawaona mara moja kwa mwaka wakati wa sikukuu ya mwaka mpya.

Kuna binti mmoja wa miaka 17 aliyejaribu kujiua akanusurika, ingawa alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini, na baadaye aliwasimulia watafiti yaliyompata. Alikuwa kazini kwa muda wa mwezi mmoja na siku chache tu. Ilipofika siku ya malipo, wenzake walipata kadi za mshahara lakini yeye hakupata. Aliambiwa kuwa kadi yake ipo kwenye kiwanda kingine cha kampuni hiyo hiyo, akapanda basi peke yake kwenda huko, akazungushwa kutoka jengo hadi jengo, kila ofisi ikimwelekeza kwa nyingine, na mwisho wa siku akarudi mikono mitupu. Fedha alizotoka nazo nyumbani zilikuwa zimekwisha na simu yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hakuweza hata kuwapigia wazazi. Tunapenda msomaji aitazame hadithi hiyo vizuri, kwa maana hakuna ndani yake msimamizi aliyempiga wala mtu aliyekusudia kumdhuru. Kuna kampuni yenye wafanyakazi laki kadhaa katika jiji moja, ambamo mshahara wa kwanza wa mtoto wa mkulima unaweza kupotea na pasiwe na afisa mmoja ambaye kuutafuta ni wajibu wake.

Je, fedha za kumlipa vizuri hazikuwepo? Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani waliichambua bei ya iPhone ya mwaka 2010, wakapata kwamba zaidi ya nusu ilikuwa faida ya Apple, ilhali malipo ya wafanyakazi wote wa China walioiunganisha yalikuwa asilimia 1.8. Mwenye jina la bidhaa hupanga bei na tarehe ya kuizindua. Mkandarasi anayegombea oda kwa faida nyembamba hupunguza pale panapopunguzika, yaani kwenye saa za kupumzika. Mambo hayo hayajaisha. Mwezi Novemba 2022 wafanyakazi wa Foxconn mjini Zhengzhou, China, waliandamana na kupambana na polisi baada ya kuona kwamba marupurupu waliyoahidiwa wakati wa kuajiriwa hayafanani na yaliyomo kwenye mikataba. Kampuni ikaomba radhi kwa kile ilichokiita kosa la kiufundi la mfumo wa kompyuta, kisha ikawapa yuan 10,000 wale waliokubali kuondoka.

SWALI: Asalaam aleikum Mhariri. Mimi ni muuguzi, Unguja. Kwenye picha za viwanda vya chipu za kompyuta naona wafanyakazi wamevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na sakafu haina hata vumbi. Inakuwaje watu wanapata saratani katika mahali safi namna hiyo?
*Muuguzi, Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Nguo zile hazikushonwa kwa ajili ya kumkinga mfanyakazi. Zinaikinga chipu dhidi ya nywele, mate na ngozi ya mfanyakazi, na hewa ya chumba huchujwa vumbi kwa sababu hiyo hiyo. Mvuke wa kemikali ni habari nyingine.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Hwang Yu-mi, aliyeanza kazi mwaka 2003 katika kiwanda cha Samsung cha Giheung, Korea Kusini, mara tu alipomaliza shule. Kazi yake ilikuwa kutumbukiza vibamba vya silikoni, ambavyo ndivyo vinavyotengenezewa chipu, ndani ya kemikali za kusafishia. Mwaka 2005 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, na alifariki Machi 2007 akiwa na miaka 22. Mwenzake waliyekuwa wakifanya naye kazi kwenye kituo kimoja alikuwa ametangulia kufa kwa ugonjwa huo huo. Baba yake, Hwang Sang-ki, ni dereva wa teksi, na binti yake alikata roho katika kiti cha nyuma cha gari hilo walipokuwa wakirejea kutoka hospitali. Yeye ndiye aliyekataa kuamini kwamba wawili wa kituo kimoja kuugua vile ni bahati mbaya. Pamoja na wanaharakati walianzisha kundi liitwalo Banolim, wakakusanya majina ya wagonjwa wengine, wakaenda mahakamani. Mwaka 2011 mahakama ya Seoul iliamua kwamba ugonjwa wa binti yake ulitokana na kazi, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakubali. Samsung iliomba radhi hadharani Novemba 2018 na kukubali mpango wa fidia inayofikia won (fedha za Korea) milioni 150 kwa mgonjwa mmoja, baada ya watu wa Banolim kukesha nje ya ofisi zake kwa karibu miaka mitatu.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa tiba, utaelewa upesi kilichoichelewesha kesi miaka yote hiyo. Mgonjwa alitakiwa athibitishe ni kemikali ipi iliyomdhuru, na orodha ya kemikali ilikuwa mikononi mwa kampuni, ikilindwa kama siri ya biashara.

Si lazima madhara yachukue miaka. Mjini Suzhou, China, kiwanda cha Wintek kilichokuwa kikitengeneza vioo vya simu kiliacha spiriti na kuanza kufutia vioo kwa kemikali iitwayo heksani, kwa sababu hukauka haraka zaidi na vioo vingi zaidi hufutwa kwa zamu. Heksani hushambulia neva. Wafanyakazi walianza kufa ganzi vidole, kisha wakashindwa kutembea sawasawa. Apple yenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 2011, ilikiri kuwa watu 137 walidhurika. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilipiga marufuku heksani na benzini katika hatua ya mwisho ya kuunganisha bidhaa zake. Marufuku hiyo ni njema, ila inahusu hatua hiyo tu, nayo ilikuja miaka kadhaa baada ya watu kuugua.

SWALI: Ndugu Mhariri, mnaandika sana juu ya Wachina. Mimi ni mzaliwa wa Kolwezi, sasa ninaishi Lubumbashi. Kobalti ya betri za simu inatoka kwetu, na vijana wetu wanafukiwa mashimoni. Hao si wafanyakazi wa simu? Na kwa nini hakuna kampuni inayohukumiwa?
*Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: Ni wafanyakazi wa simu, bila shaka, ingawa jina lao halimo katika daftari la mwajiri yeyote, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote ya dunia. Sehemu kubwa huchimbwa na migodi mikubwa yenye mashine, na sehemu nyingine na wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba kwenye mashimo yasiyo na nguzo, huku wanawake na watoto wakiosha na kuchambua mawe mitoni. Mawe hayo huuzwa kwenye maghala ya wanunuzi ambako hakuna anayeuliza yametoka shimo gani, yakachanganywa, yakapelekwa kusafishwa, zaidi China, kisha ndipo yaende kwa watengenezaji wa betri. Baada ya mchanganyiko huo kila mnunuzi anaweza kusema kuwa kobalti yake si ile ya mtoto. Mwezi Juni 2019 wachimbaji wadogo wasiopungua 43 walifariki karibu na Kolwezi baada ya mgodi kuporomoka.

Desemba 2019 wanasheria wa Marekani walizishtaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington kwa niaba ya familia za watoto wa Kongo waliokufa au kulemaa wakichimba kobalti. Kesi ilitupwa mwaka 2021, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo, kwa hoja kwamba kununua bidhaa kupitia mnyororo mrefu wa ugavi si kushirikiana katika biashara moja na wale wanaowatumikisha watoto. Kisheria hoja hiyo inaeleweka, lakini maana yake ni kwamba kadiri madalali wanavyoongezeka kati ya shimo na duka, ndivyo mwenye duka anavyozidi kuwa salama. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayozitaka kampuni kutoa taarifa za madini ya Kongo na nchi jirani inataja bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu, na kobalti haimo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni za betri zinazoitaja kobalti kwa jina na kuwataka wauzaji wa betri wachunguze ilikotoka. Ikiwa kuna mahali pa kuelekeza shinikizo kwa sasa, ni hapo.

SWALI: Kaka Mhariri, shikamoo. Mpwa wangu ameahidiwa na wakala kazi ya kiwanda cha vifaa vya umeme nchini Malaysia. Wakala anataka alipwe kwanza. Tumwache aende?
*Mama, Kisauni, Mombasa*

JIBU: Marahaba, mama. Hatuwezi kuwaamulia, ila yapo mambo ya kujua kabla hamjauza chochote. Mwaka 2014 shirika la Verité lilichapisha utafiti uliohoji wafanyakazi 501 wa viwanda vya elektroniki vya Malaysia, na likakuta kuwa 28 katika kila 100 walikuwa katika hali ya kazi ya kulazimishwa. Wengi walikuwa wageni kutoka nchi kama Nepal na Bangladesh, na kilichowafunga kilikuwa deni la ada ya wakala pamoja na pasipoti iliyoshikiliwa na mwajiri. Wanaokwenda Ghuba kutoka pwani yetu wanayajua mambo hayo mawili. Baada ya utafiti ule, umoja wa kampuni kubwa za elektroniki ulibadilisha kanuni zake mwaka 2015 na kukataza mfanyakazi kutozwa ada yoyote ya kuajiriwa.

Kwa hiyo mwulizeni wakala jina la kiwanda, na mkiandikie kiwanda chenyewe kuuliza kama kinamfahamu na nani analipa ada. Hakikisheni kwenye Mamlaka ya Taifa ya Ajira kuwa wakala ana leseni. Mpwa wako apate nakala ya mkataba kwa lugha anayoisoma, ikionyesha mshahara wa msingi mbali na saa za ziada, na aiache nakala nyingine kwako. Picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti yake nayo ibaki kwenye simu yako.