Usiukaze Uzi: Nilivyofanikiwa Kufuma Vitanzi Vilivyo Sawa

Sweta yangu ya kwanza ilikuwa na mikono ya watu wawili. Mmoja niliufuma kwa haraka na hasira, wa pili nikiwa nimetulia. Nilipoilaza mezani, wa pili uliuzidi wa kwanza upana wa vidole viwili, na vitanzi nilivihesabu mara tatu: idadi ni ile ile.

Nikaambiwa nikaze uzi. Ushauri huo ndio ulionichelewesha. Nikawa navuta kila kitanzi nikishakifuma, hadi vikagoma kuteleza na kidole cha shahada kikabaki na alama nyekundu. Kumbe kipimo cha kitanzi ni mwili wa sindano. Ukifumia kwenye ncha, pale ilipochongoka, kitanzi kinatoka kidogo. Kisogeze mpaka sindano ilipofikia unene wake kamili, kisha kiache.

Kazi ya vidole ni kuupitisha uzi bila kuubana wala kuuachia. Mimi nauzungusha mara moja kwenye kidole cha mwisho, napitisha chini ya viwili vinavyofuata, unatokea juu ya cha shahada. Uzi unaoteleza nauzungusha mara mbili. Na utoe wa kutosha kwenye donge kwanza. Donge likikwama, mkono unakaza wenyewe.

Kilichonisumbua zaidi ni upande wa nyuma, yaani mistari ya kurudi, unayofuma ukiwa umegeuza kazi. Kitambaa kilitoka na michirizi, mstari umebana, mstari umelegea, nami nikalaumu uzi. Wengi wetu hulegeza mkono tunapofuma mstari wa nyuma bila kujijua. Siku hizi nashika sindano mbili tofauti: ya milimita 4 kwa mistari ya mbele, ya 3.5 kwa ya nyuma. Ni ujanja, ndiyo, lakini michirizi imetoweka.

Usiweke kazi chini katikati ya mstari, maliza kwanza. Na kabla ya sweta, fuma kipande cha sentimita 15 hivi, kioshe, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10 za katikati. Sufu hujipanga ikilowa. Pamba haifichi kitu.

Ule mkono uliobana niliufumua. Uzi ulikuwa umejikunjakunja, nikauosha na kuutundika hadi ukanyooka. Mkono mpya una mistari miwili iliyolegea karibu na kiwiko. Anayeiona ni mimi tu.