Kuangalia vinyago kwenye makumbusho ya sanaa za jadi

Ndugu, umeuliza kama kuna faida ya kuzuru makumbusho ya sanaa za jadi za Kiafrika ilhali vinyago vyote, kwa maneno yako, vinafanana. Nadhani unaviona vinafanana kwa sababu vimetenganishwa na kazi vilizochongewa.

Chukua lipiko (kinyago cha kuchezea ngoma) la Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji, ambalo huchongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa kichwani mithili ya kofia, likiwa limeinamishwa kwa nyuma, hivyo mchezaji huona kupitia tundu la mdomo na si la macho. Ukilikaribia, mara nyingi utaona nywele halisi za binadamu zilizobandikwa kwa nta. Kitu kilichotengenezwa kirukeruke kwenye ngoma za jando, huku watu wakipiga vigelegele, hakiwezi kujieleza chote kikiwa kimetulia ndani ya kabati la kioo. Kwa hiyo chagua vitu vichache tu, chuchumaa, zunguka nyuma, na utazame palipochakaa.

Ukikutana na sanamu ya Wakongo iliyojaa misumari, fahamu kwamba misumari hiyo iligongomewa ili kufunga viapo na makubaliano, wala si mapambo.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kumuuliza mwongozaji kila kitu kilifikaje pale, kwa maana mabamba ya shaba ya ufalme wa Benin (katika Nigeria ya leo), kwa mfano, yaliporwa na majeshi ya Uingereza kutoka kasri la Oba, yaani mfalme wa huko, mwaka 1897.